Siku Ubavu Ulipoacha Kuuma

Kama umeanza kusoma maneno haya ukiwa umekaa upande, mkono mmoja ubavuni na mwingine umeshika kikombe cha majani yaliyochemshwa, basi wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Usiweke kikombe chini, sijaja kukunyang'anya. Na mimi nilikunywa. Nilikunywa mpaka majirani wakanitania kwamba nikikatwa kidole nitatoka maji ya kijani. Ninataka kukueleza jambo moja tu, ambalo mimi sikulishika lilipokuwa la kushikwa: maumivu ya jiwe la figo yakikuacha ghafla, na jiwe lenyewe hujaliona kwa macho yako, usishangilie. Ogopa.

Jina langu ni Sauda. Ninauza vitenge katika soko la Koboko. Nimezaliwa hapa hapa katika nyumba ya Wanubi, watu wa Kiislamu wa hapa mpakani, na mama yangu anakaa nami kwa sababu, anavyosema mwenyewe mbele ya wageni, mimi sijui kupika. Mume wangu, Taban, anatengeneza pikipiki kando ya barabara ya mpakani. Tuna watoto watatu na ua mpana wenye mpapai mmoja, na kwa miaka mingi ugonjwa mkubwa nyumbani kwetu ulikuwa malaria ya kawaida.

Wanawake wa sokoni wanajua ninachotaka kusema sasa. Choo cha soko kiko mbali, upande wa wauza samaki, na ukiondoka mezani mteja wako anaangukia kwa jirani. Kwa hiyo hatunywi maji. Ukishamaliza chai ya asubuhi unafunga mdomo mpaka jioni, jua liwake lisiwake. Tulikuwa tunajisifu nalo jambo hilo, na mimi nilikuwa bingwa. Jioni nikifika nyumbani mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, nami nilidhani ndiyo rangi ya mtu mwenye bidii.

Mahindi yalikuwa yanatoa ndevu lilipoanza. Nilikuwa nampimia mama mmoja kitenge, nikasikia kitu kinanishika nyuma, chini ya mbavu za kushoto, kikashuka mpaka pajani. Mkasi ulianguka. Nilipiga magoti katikati ya vitambaa vyangu na kutapika ndani ya mfuko wa mteja. Nimezaa mara tatu, na nasema bila aibu: afadhali uzazi. Uzazi una mwisho wake na mtoto mkononi. Haya maumivu hayakuwa na mahali yanakokwenda. Yalinizungusha tu, nikakaa yakanizidi, nikalala yakanizidi, nikasimama nikiwa nimeshika nguzo ya kibanda huku jirani yangu akinipepea na kipande cha boksi.

Zahanati walinichoma sindano, maumivu yakatulia. Yakarudi. Wiki iliyofuata Taban alinipeleka hospitali ya Arua kupiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini, ya kumlazimisha mtu amsogelee. Alituonyesha kwenye kioo doa jeupe. Akasema jiwe limekwama katika mrija unaotoka figo la kushoto kwenda kwenye kibofu. Mawe madogo, akasema, hushuka yenyewe mtu akinywa maji ya kutosha, lakini hili lina ukubwa wa punje ya karanga, na huenda likahitaji kutolewa. Alitaka nirudi kabla ya mwezi kwisha.

"Rudi hata kama umejisikia vizuri," alisema. Niliitikia. Taban aliitikia zaidi yangu.

Nyumbani, neno lililobaki katika masikio ya watu lilikuwa moja tu: kutolewa. Mama aliposikia aliweka chini kifuniko cha chakula alichokuwa anakisuka, na nyuzi zake za rangi zikamwagika mkekani.

"Kisu hapana," alisema. "Mimi nalishapeleka mtu kwa kisu."

Alikuwa anamsema mdogo wake, mama yangu mdogo Zainabu, aliyeingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake na kutoka amefunikwa shuka. Mama ndiye aliyekuwa amemshikia viatu mlangoni. Kwa hiyo usimhukumu haraka. Mimi mwenyewe sikumhukumu, maana moyoni nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisiende.

Mtu huyo alifika Jumapili akitoka misa, maana yeye ni Mkristo. Shangazi Poni ni dada wa marehemu baba yake Taban, mkulima wa mihogo na ufuta huko Kuluba, mwanamke mrefu mwenye mikono mipana na kicheko kinachotangulia kuingia kabla yake. Siku hiyo hakucheka. Alikaa, akafungua pindo la khanga, akatoa kiberiti. Ndani, badala ya njiti, kulikuwa na pamba, na juu ya pamba kulikuwa na kijiwe cha kahawia.

"Hii kitu ilikaa ndani ya mzee yangu," alisema. "Alikuwa nalia kama mtoto. Nalimupa dawa, alikunywa, ikatoka. Ona na macho yako."

Kijiwe kilikuwa kama punje ya ufuta. Tulikipitisha mkono kwa mkono, mama akakishika muda mrefu kuliko wote. Hakuna aliyesema: huu ni ufuta, na daktari alisema karanga. Sote ni watu wa shamba na soko, tunajua ufuta na tunajua karanga, lakini siku hiyo macho yetu yaliona jiwe lililotoka bila kisu, na hapo hesabu ikaisha.

Dawa yenyewe nitakutajia, maana si siri na Shangazi hakuwahi kuiuza. Ilikuwa ndevu za mahindi mabichi, mizizi ya mpapai usiozaa, na kijimmea kinachoota chenyewe kati ya mihogo, kile chenye mbegu ndogo zilizojipanga chini ya jani. Vinachemshwa pamoja mpaka maji yanakuwa meusi. Jagi zima asubuhi, jagi zima jioni. Ilikuwa chungu kiasi kwamba mtoto wangu wa mwisho alionja kwa kidole akalia. Na kwa kweli ilifanya kazi yake: mtu niliyezoea kukaa kutwa bila kwenda chooni, sasa nilikuwa nakimbia kila mara kama bata.

Mama alikata kitambaa cheupe cha melikani, akaniamuru nikojoe juu yake, jiwe likitoka tulione. Siku za mwanzo tuliona chenga, kama mchanga wa kwenye mchele. Furaha iliyoingia nyumbani humo! Mama aliwaonyesha wageni. Mwanamke aliyekuja kukopa chumvi aliondoka ameona mchanga wangu. "Limeanza kuvunjika," walisema, nami nikiwa nyuma ya pazia nikitamani ardhi inimeze, nilianza kuamini.

Lakini ubavu ulizidi kuuma. Kila nikinywa jagi, baada ya muda mfupi ubavu wa kushoto ulikuwa unajaa na kunivuta, kana kwamba kuna mtu anapuliza kitu ndani. Nilimwambia Shangazi.

"Dawa iko napigana," alisema. "Vita haiwezi kukosa kelele."

Taban hakupenda hayo. Mwezi ulikuwa unakwisha, naye alikuwa ameshazungumza na mtu wa gari la kwenda Arua. Yeye na mama walianza kutoongea, na katika nyumba yenye jiko moja hilo si jambo dogo. Chakula kilipakuliwa kimya. Mama alikuwa akisema na watoto maneno yaliyomlenga baba yao, na baba yao akawajibu watoto. Nilikuwa katikati na jagi langu, na nilimkasirikia kila mmoja wao kwa zamu.

Halafu ubavu ukaacha kuuma.

Ilikuwa asubuhi. Niliinama kuchukua ufagio, nikangoja, kwa sababu mwili ulishazoea kungoja. Hakuna kitu. Nikainuka taratibu, nikajigeuza kushoto, nikajigeuza kulia. Hakuna kitu. Mle ndani mlikuwa kimya, kama nyumba ambayo watu wamehama. Nilikaa kizingitini nikalia kwa furaha, na mama akatoka mbio na mikono yenye unga akidhani nimekufa.

"Imeacha," nilimwambia. "Mama, imeacha kabisa."

Alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Nilimuuliza, maana nilikuwa nimetazama kitambaa kila siku: "Lakini jiwe sijaliona. Limepita wapi?"

"Imeyeyuka," alisema. "Wewe nataka kuona nini tena? Mungu nakupa, wewe nadai risiti?"

Ijumaa ile ile tulifanya karama. Sisi Wanubi, mtu akivuka ugonjwa au ajali, tunamfanyia chakula cha shukrani, na ndicho tunachokiita karama. Mama alichinjisha beberu aliyekuwa amemfuga kwa ajili ya Idi. Shehe alisoma dua, majirani walikaa mikekani chini ya turubai, wanawake wenzangu wa sokoni walikuja na sufuria zao. Shangazi Poni alikalishwa mahali pa heshima na kupewa ini. Kila mtu alinishika mkono akisema nimepata rangi. Taban naye alicheka siku hiyo, na usiku huo hakutaja Arua. Tarehe ya daktari ilikuja ikapita, tukiwa tunakula nyama iliyobaki.

Sasa, mtu asiye wa kwetu anahitaji kuelezwa kitu. Karama ikishaliwa, ugonjwa ule hautajwi tena. Hakuna shehe aliyeweka sheria hiyo, na ukimuuliza atakwambia haipo. Ni sisi wenyewe. Mtu aliyelishwa karama halafu akasema "bado naumwa" ni kama amemrudishia Mungu zawadi mlangoni, na watu waliokula wanabaki kujiuliza wamekula nini. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kumsikia mtu akifanya hivyo. Kwa hiyo mwili wangu ulipoanza kusema mambo mengine, haukuwa na wa kumwambia.

Ulianza na mkanda wa sketi. Upande wa kushoto ulinibana, wa kulia haukunibana. Nikishika chini ya mbavu nilisikia kitu kizito, laini, kisichouma. Halafu chai ikawa na ladha ya chuma. Halafu jua likishuka mwili ulipata joto kidogo, nikajifunika, na kulipokucha lilikuwa limekwisha. Mvua za mwisho zilikatika, ukaja ukame na upepo wake wa vumbi, na nilikuwa nachoka hata kukunja kitenge. Mama aliona. Najua aliona, kwa sababu alianza kunipakulia supu bila kuniuliza, na mara moja nikamkuta amesimama nyuma yangu ananitazama kiuno. Macho yetu yalikutana.

"Umenenepa," alisema.

"Nimenenepa," nilijibu.

Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote tuliyoambiana maisha yetu, na kwa masikio ya mpita njia yalikuwa maneno ya kawaida tu.

Ukame ulipokuwa umekaza, soko limejaa vumbi jekundu, nilianza kutetemeka. Ilikuwa mchana, jua kali, na meno yangu yaligongana mpaka jirani yangu akasikia. Alinifunika vitenge vyangu, kimoja juu ya kingine, mpaka nikatoweka ndani ya bidhaa yangu mwenyewe. Alipompigia Taban simu alisema tu, "Kuja. Kuja sasa hivi."

Walinipitisha nyumbani kuchukua nguo. Mama alisimama mlangoni.

"Taban, ni malaria hii. Karama tulishakula. Watu watasema nini?"

Mume wangu ni mtu mtaratibu, hata pikipiki ikikataa kuwaka haitukani. Alimtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo kwetu mwanamume halifanyi.

"Mama, watu nalikula karama," alisema. "Sasa wewe nataka wakule matanga?"

Mama aliondoka mlangoni. Alikwenda kukaa kwenye mkeka wake na kugeukia ukuta.

Benchi la hospitali kule Arua ni la mbao, refu, na limelainishwa na watu wengi waliongoja. Nililala na kichwa pajani kwa Taban. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Manibe aliyemleta kaka yake, na alinipa kitu ambacho sitasahau: alivua kitambaa chake cha kichwani, akakilowesha kwenye maji ya mtungi, akaniwekea kwenye paji la uso, bila kuuliza mimi ni nani wala wa dini gani. Kila kilipokauka alikilowesha tena. Jina lake sikuliuliza. Mpaka leo nikipita Manibe natazama nyuso.

Daktari alikuwa yule yule, wa sauti ya chini. Alinikumbuka. Aliuliza maumivu yaliacha lini, nami, hata katika homa ile, nilimjibu kwa fahari kidogo kwamba yaliacha tangu wakati wa mavuno.

Aliweka kalamu mezani.

"Mama, hiyo siku iliacha kuuma," alisema, "ndiyo siku figo ilichoka kabisa."

Alieleza polepole. Jiwe halikwenda popote. Lilifunga mrija, na kila jagi nililokunywa lilisukuma figo kutoka ndani, mpaka likavimba, likashindwa, likanyamaza. Sasa lilikuwa mfuko wa usaha. Taban alitazama chini. Mimi nilikuwa natazama mkono wangu, nikikumbuka watu wote walioushika siku ya karama.

Walinitoboa mgongoni, wakaingiza mpira mwembamba, na usaha ukaanza kushuka kwenye mfuko uliofungwa kitandani. Sitakueleza harufu yake. Nitakwambia tu kwamba wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa na adabu, hakuna aliyefunika pua. Wiki zile ziliendelea kwa sindano, kipimo cha damu, sindano. Wauguzi walikuwa wanauliza mkojo kama watu wengine wanavyouliza habari za asubuhi. Nje ya wodi wauguzaji walipika enyasa, ugali wa huku kwetu, na dagaa, na harufu ikipita dirishani nilijua ni mchana. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikatoka yenyewe, Taban akaivaa kwenye kidole chake kidogo. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, daktari alisema figo halitarudi na lazima litolewe kabla halijaniua. Neno lile lile tulilolikimbia.

Asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimeshavalishwa gauni la kijani, mama aliingia. Alikuwa ametoka Koboko alfajiri, na mkononi alikuwa na bakuli chini ya kifuniko alichosuka mwenyewe. Nilikuwa siruhusiwi kula. Aliweka bakuli sakafuni, akavua viatu vyangu miguuni, kimoja kimoja, akavikumbatia. Nilielewa anafanya nini. Alikuwa anavishika viatu mlangoni kwa mara ya pili.

"Rudi uvae," alisema. 

Nilirudi. Nilipozinduka koo limekauka na upande wa kushoto unawaka moto, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mama, viatu bado vimebanwa kwapani. Na sauti ya kwanza niliyoisikia sawasawa ilikuwa yeye akibishana na muuguzi.

"Sista, hiyo kitu ya mtoto yangu iko wapi?"

"Kitu gani, mama?"

"Hiyo mulitoa. Iko ya kwetu. Sisi hatutupi mtu."

Muuguzi alitaka kucheka, akamtazama vizuri, akaacha. Sijui waliongea nini baadaye huko ndani. Najua tu kwamba mama alirudi Koboko akiwa na kifurushi cheupe kilichofungwa vizuri, akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akamwita shehe, na figo langu likazikwa kwa dua. Kitambaa kilikuwa kile cha melikani. Kwa hiyo kuna sehemu yangu imetangulia. Nikienda kuanika nguo napita karibu yake, na siku za mwanzo nilikuwa siwezi kupita bila kusalimia.

Jiwe nilipewa mimi. Karanga kamili, yenye miiba. Shangazi Poni alipokuja kunitazama alilichukua, akatoa kiberiti chake, akaviweka vyote viwili mkekani, ufuta na karanga.  Halafu yule mwanamke mkubwa alianza kulia bila sauti.

"Mimi nalikuambia vita," alisema. "Kumbe ilikuwa nakuua."

Nitakuwa mkweli: nilimchukia. Msimu mzima wa mvua nilimchukia. Nilichukia hata harufu ya mahindi ya kuchoma. Ilinichukua muda kukubali kwamba alinipa kile kile alichompa mume wake, kwa mkono ule ule na kwa upendo ule ule, na kwamba hakuna aliyenikataza mimi kurudi kwa daktari nikiwa na majani yangu. Siku hizi mtu akimfuata shambani Kuluba ameshika ubavu, Shangazi anamuuliza kwanza, "Picha umepiga? Iko ufuta ama iko karanga?" Asiyejua anarudishwa njiani bila hata kikombe cha maji. Wengine wanamnunia. Anasema wanune wakiwa na mafigo yao.

Daktari aliniaga na onyo. Figo la kulia linafanya kazi ya mawili, akasema, na ndani yake kuna chenga kidogo, zitaangaliwa. Nisikae na kiu, na ubavu ukiuma nisingoje. Kwa hiyo nakunywa. Nina chupa mezani, na wanawake wenzangu wa sokoni tumepangana: mmoja akienda chooni jirani anamuuzia. Wananitania, "Mama Maji," lakini nimeona chupa zikiongezeka kwenye meza zao, na hilo linanitosha.

Mama naye alinunua mbuzi jike mweusi, akamfunga kwenye mpapai. Sikuuliza wa nini. Baada ya kila kipimo alikuwa ananitazama usoni, nami nilikuwa nasema, "Bado, mama." Mbuzi akanenepa. Vipimo vikatoka vizuri, mama akasema sasa, nikasema bado. Nilikuwa naogopa kile chakula kuliko kisu. Niliogopa mikeka, turubai, watu kunishika mkono, halafu ule ukimya unaokuja baadaye. Mbuzi akazaa, mtoto akaachishwa ziwa, akapelekwa kwa jirani, na mama yake bado yuko kwenye mpapai anatafuna kamba. Watoto wanamwita Bado.

Jana mchana nilikuwa nachambua mchele uani. Kikaja. Chini ya mbavu, nyuma, upande wa kulia.

Hakikuwa kikubwa. Kilinishika, kikaniachia, kikanishika tena. Mkono wangu ulikwenda pale wenyewe. Nikainua macho, na mama, aliyekuwa anasuka mkabala nami, alikuwa ameshaona mkono. Tulitazamana kama tulivyotazamana ule ukame. Nilimwona anatafuta neno, na nilijua neno lipi liko karibu.  Nilisema moyoni, akisema nimenenepa tumekwisha, yeye na mimi.

Mama alisimama. Alikwenda kwenye mpapai, akafungua kamba ya mbuzi.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Soko."

"Ni mbuzi wa karama."

"Hii ni mbuzi," alisema. "Karama itakuja ama haitakuja, Mungu najua. Wewe ingia ndani, tafuta viatu yako. Kesho sisi nakwenda Arua."

Akatoka langoni akimvuta Bado aliyekuwa anagoma, na kila jirani aliyetoa kichwa kuuliza alijibiwa kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Sauda naumwa! Nyinyi nasikia? Sauda iko naumwa tena!" Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti namna hiyo isipokuwa kwenye kigelegele.

Basi ndiyo sababu leo nimepata muda wa kuandika. Niko kwenye benchi lile lile la mbao. Taban amekwenda kutafuta chai. Mama yuko kushoto kwangu, upande uliobaki mtupu, na ameshika viatu vyangu ingawa hakuna aliyemwambia nitavuliwa. Kuna msichana amekaa mwisho wa benchi, amejikunja, na mama yangu amemtazama, amevua mtandio wake na ameanza kuulowesha.

Bado hawajaniita. Ubavu unauma. Alhamdulillahi, unauma.